Toleo la Sasa

Pale chuo cha kompyuta hakuna aliyemwita katibu kwa jina lake. Kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa lango walimwita Bi Koma, na lawama zote ni zake mwenyewe. Barua iliyopita mezani kwake bila koma haikurudi bila koma. Wageni aliwapa somo hata kabla hawajaketi. "Andika 'Baba alikuja mgonjwa akaondoka'," alikuwa akisema, "halafu andika 'Baba alikuja, mgonjwa akaondoka'. Umeona? Koma moja tu, na ugonjwa umemhama mwenye nyumba." Kisha anacheka mwenyewe mpaka miwani inateleza puani.

Hiyo ni kalamu yake. Mdomo ulikuwa habari nyingine. Mdomo wa Bi Koma, Mungu amsamehe, haukuwa na koma wala nukta. Aliongea akipanda ngazi, aliongea akitafuna, aliongea na simu sikioni huku akimjibu mtu mwingine mbele yake na kumkonyeza wa tatu. Ulimi hauna mfupa, na wake nadhani haukuwa hata na kizuizi. Mumewe, seremala, alikuwa na msemo kwamba mke wake akinyamaza ujue kuna msiba au kuna pilipili.

Chuo kilipoamua kuandaa shindano la programu za simu, kanuni aliziandika yeye. Mkurugenzi alimtajia mambo, yeye akayapanga, akayasafisha, akayatia koma. Mshindi angepewa nafasi ya mwaka mzima pale chuoni: meza yake, kompyuta yake, simu mpya za kujaribia kazi yake na mwalimu wa kumshika mkono. Kwa kijana wa mtaani aliyejifunzia kwenye simu iliyopasuka kioo, hapo ni kufunguliwa mlango aliokuwa akiugonga kwa kichwa.

Kanuni mbili Bi Koma alizipenda kuliko nyingine. Ya kwanza ilisema: "Kila programu itajaribiwa kwenye simu za chuo, zenye toleo la sasa la mfumo." Ile koma ya katikati aliitazama kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyefaulu. Ya pili ilisema kwamba maswali yote yaulizwe kwa maandishi na majibu yabandikwe ubaoni, ili washiriki wote wapate jibu moja. Hiyo ilitoka kichwani mwake mwenyewe. Alisema haki haina mnong'ono, na Mkurugenzi akampigia makofi.

Sasa nisikilize jinsi mtunga sheria alivyoivunja.

Chuo kina dirisha la maulizo lenye kioo cheusi, na chini yake tundu la kupitishia karatasi. Anayeuliza anaona kivuli na, mtu akijisogeza, vidole. Basi. Wanaokaa ndani ni vijana wawili wa kike kwa zamu, na wakienda kula Bi Koma huwashikia zamu. Siku hiyo alikuwa amewashikia. Foleni ilikuwa ndefu, na mumewe alikuwa simuni analalamika kwamba ufunguo wa karakana hauonekani na mteja wa kabati amesimama mlangoni.

"Uko kwenye mfuko wa koti la kijivu," Bi Koma alikuwa akisema. "La kijivu, mume wangu, si la bluu. La bluu ulilipaka gundi."

"Shikamoo," sauti ya msichana ikaingia kwenye tundu.

"Marahaba, mwanangu, sema haraka."

"Ni kuhusu shindano. Pale palipoandikwa toleo la sasa. La sasa ni hili lililopo leo, au litakalokuwepo siku ya kujaribiwa?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo majaji wenyewe hawakuwa wamelifikiria, na mahali pake palikuwa kwenye karatasi, kisha ubaoni, kila mtu alisome. Lakini ufunguo ulikuwa haujaonekana.

"Mwanangu," Bi Koma akasema, na simu bado sikioni, "sasa ni sasa! Kesho nayo utaiita sasa?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja aliyekuwa amemshika bega yule msichana akacheka kuliko wote. "Umesikia? Sasa ni sasa," akarudia, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani.

"Kwa hiyo nitengeneze kwa hili lililopo?"

"Ndiyo, kalitengenezee hilo. Anayefuata!"

Ufunguo ulipatikana kwenye koti la kijivu. Bi Koma akalisahau lile jibu kabla chai yake haijapoa.

Miezi ikapita. Siku moja kampuni inayotengeneza mfumo wa simu, huko iliko, ikatoa toleo jipya. Hawakumuuliza mtu, na kwa nini wangeuliza? Wenye simu mpya waliamka wakakuta ujumbe, wakabonyeza, simu zikazimika kidogo na kuwaka na rangi nyingine. Fundi wa chuo naye akazisasisha simu za shindano zote, kwa sababu kanuni ilisema toleo la sasa, na yeye ni mtu wa kufuata kanuni. Ile sasa ya dirishani ikawa ya zamani, wala haikupiga kelele ilipoondoka.

Katika toleo hilo jipya programu inayotaka kutumia kamera lazima iombe ruhusa kwa namna nyingine. Isipoomba hivyo, kamera inafumba jicho. Washiriki wenye simu mpya waliliona tatizo siku hiyohiyo, wakanung'unika, wakarekebisha. Msichana wa dirishani hakuliona. Simu yake ilikuwa kongwe na toleo jipya halikumfikia. Alipokwenda kwenye mipangilio kutazama, simu ilimwambia kwa maandishi ya kijani kwamba mfumo wake ni wa sasa. Naye akaamini. Alikuwa ameambiwa na mtu, na sasa ameambiwa na mashine.

Programu yake aliipa jina la Nisomee. Unaielekeza simu kwenye maandishi, nayo inakusomea kwa sauti. Aliianza kwa ajili ya babaye, yule mzee wa begani, ambaye mtaani wanamwita Fundi Redio. Alitengeneza redio za watu maisha yake yote mpaka macho yakamfifia taratibu, akabaki na masikio. Alikuwa anatumia dawa za aina mbili zenye maboksi yanayofanana kama mapacha, na mara moja alikosea, wakamkimbiza hospitali. Binti yake, ambaye kazi yake ni kutoa nakala kwenye duka la vifaa vya shule, akaapa kwamba kosa hilo halitarudi. Halikurudi. Wasioona wengine walisikia, wakaanza kuja kumuuliza lini nao watawekewa.

Siku ya kujaribiwa, majaji walifungua Nisomee kwenye simu ya chuo. Kioo kikawa cheusi. Wakafunga, wakafungua. Cheusi. Binti akatoa simu yake kongwe, akaielekeza kwenye chupa ya maji ya jaji mkuu, nayo ikasoma kila neno bila kugugumia, mpaka anuani ya kiwanda. Majaji wakatazamana. Mmoja akasema kwa huruma kwamba kanuni ni simu za chuo, tena toleo la sasa. Binti akakunja mdomo, akatoka.

Bi Koma hakuwepo chumbani. Alikuwa anapiga chapa vyeti.

Kesho yake Mkurugenzi alimkuta kwenye korido. "Bi Koma, yule binti wa Nisomee amekuja kulalamika. Anadai aliuliza dirishani, akajibiwa kwamba toleo ni lile lililokuwepo siku ile. Eti aliambiwa, 'sasa ni sasa'."

Moyo wa Bi Koma ukaanguka kama nyundo iliyomponyoka seremala. Alikumbuka yote kwa mara moja: koti la kijivu, kicheko cha foleni, mzee akirudia yale maneno.

"Kwa mdomo?" aliuliza, na hakujua kwa nini ameuliza hilo.

"Kwa mdomo! Kinyume cha kanuni uliyoiandika wewe mwenyewe. Nikimjua aliyejibu, atanieleza vizuri, na mikataba yenyewe tunaifanya upya mwezi ujao. Kesho asubuhi tunakaa kikao. Binti anamleta babaye. Mzee haoni, lakini anasema akiisikia ile sauti, ataijua."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Walikuwa wawili tu kwenye korido, mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Mkurugenzi si mtu mbaya. Angefoka, kisha angetuliza hasira na binti angejaribiwa upya. Neno lilimfika Bi Koma kooni. Akaona na mkataba wake, na umri wake, na vijana wa dirishani wakimcheka: Bi Koma, mama wa kanuni! Akalimeza. Alisema tu, "Nitaandaa chumba," akaenda kuandaa chumba.

Usiku wa kuamkia kikao hakulala vizuri, na asubuhi akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anajifunika uso kwa khanga. Alijifunga kitambaa shingoni. Alipofika chuoni akamsalimu mlinzi kwa kupunga mkono. Kwa Mkurugenzi alionyesha koo, akatikisa kichwa, akatoa mlio mwembamba kama wa mlango mbovu.

"Umekaukiwa sauti? Wewe?" Mkurugenzi akacheka. "Basi leo tutamaliza kikao mapema."

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni inayoyumba na jagi la maji ambalo hakuna aliyelimimina. Majaji walikaa upande mmoja, vijana wa dirishani upande mwingine, Bi Koma kwenye kona na kalamu yake. Fundi Redio alikaa wima, kofia magotini, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa sikio zuri. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta stesheni.

Mkurugenzi akawaambia vijana wa dirishani waseme, mmoja mmoja, yale maneno.

"Sasa ni sasa," akasema wa kwanza, aibu imemjaa.

"Siye," mzee akasema.

"Sasa ni sasa," akasema wa pili.

"Wala huyu. Huyu anaongea kwa pua, mwanangu uniwie radhi." Watu wakacheka, hata kijana mwenyewe. "Hakuna mwingine anayekaa pale?"

"Katibu wetu hushika mara mojamoja," Mkurugenzi akasema. "Ila bahati mbaya leo amekaukiwa sauti. Hawezi kutamka hata neno."

Macho yote yakageukia kona. Bi Koma akagusa kile kitambaa, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mzee hakugeuza macho, aligeuza sikio. Bi Koma alizuia pumzi.

"Hatuwezi kungoja apone?" binti akauliza.

"Matokeo yanatangazwa kesho," jaji mkuu akasema. "Na kwa kanuni ilivyo, sasa ni siku ya kujaribiwa."

"Waheshimiwa, mtanisamehe," binti akasema, "lakini simu yangu yenyewe inaniambia niko kwenye toleo la sasa. Tazameni." Akaiweka mezani. Mkurugenzi akasoma yale maandishi ya kijani kwa sauti.

"Ni toleo la mwisho ambalo simu yako inaweza kupokea," jaji akamweleza, tena kwa upole. "Simu yako imezeeka, binti."

"Kwa hiyo sasa ya wenye simu mpya ndiyo sasa. Ya kwetu ni nini?"

Feni ikazunguka. Kazi ya Bi Koma pale ilikuwa kuandika kila kilichosemwa, na alipofika kwenye swali hilo kalamu ikakataa. Alitaka kulitia koma, akashindwa kujua inakaa wapi.

Mkurugenzi alikuna kichwa. Alisema hana ushahidi. Alisema anasikitika sana, tena alisikitika kweli. Kikao kikafungwa. Watu wakainuka, na mzee akipapasa njia ya mlangoni fimbo yake ikagonga mguu wa kiti cha Bi Koma. Akasimama.

"Pole kwa koo, mama," akasema, akatoka na binti yake.

Nyumbani mumewe alimpokea na randa mkononi. "Mbona nyumba imetulia? Kuna msiba au kuna pilipili?"

"Nimechoka," akajibu, kwa sauti safi kama kengele, akaingia jikoni. Alikuwa anakatakata vitunguu lilipompata. Mzee amejuaje kama ni mama? Mkurugenzi alisema tu, katibu wetu amekaukiwa sauti, hawezi kutamka. Lugha yetu haimtaji mtu kama ni mke au mume. Unaweza kumzungumzia mtu mchana kutwa na asiyemwona asijue. Yeye hakutoa hata mguno. Amejuaje? Labda manukato, akajiambia. Labda viatu. Alijishikia hayo manukato wiki nzima kama mzamaji na kipande cha ubao.

Matokeo yalitangazwa. Walishinda vijana watatu waliotengeneza programu ya kutafuta nafasi ya kuegesha magari. Hawakuiba, hawakudanganya, simu zao zilikuwa mpya tu. Bi Koma aliwapa vyeti, akawapa mkono. Binti wa Fundi Redio alikuja, akakaa nyuma, akawapigia makofi, tena makofi ya kweli. Hilo ndilo lililomkata Bi Koma maini. Angalau angenuna!

Watu husema funika kombe mwanaharamu apite. Kombe lilifunikwa, lakini mwanaharamu alikuwa ndani yake. Tangu siku hiyo hakukuwa na pa kukimbilia, maana katika lugha hii utaongeaje bila kusema sasa? "Sasa hivi nakuja, Bi Koma." "Haya sasa, tuanze." "Sasa tufanyeje na hizi karatasi?" Hata kasuku wa jirani alijua kusema sasa wewe. Kila lilipotamkwa, alihisi mtu amembonyeza kidonda. Akapungua maneno. Vijana wa dirishani wakaulizana kama ni mgonjwa. Koma akazisahau, barua zikaanza kutoka ofisini zimenyooka kama reli, na Mkurugenzi akashangaa.

Mashine ya nakala ya chuo ilipoharibika, akatumwa duka la vifaa vya shule, kwa yule binti. Njiani alijipiga moyo konde: nitamwambia. Nitamwambia leo, palepale kaunta. Akaingia. Binti alikuwa peke yake, anafuta kioo cha mashine. Akamtambua mteja wake.

"Shikamoo, mama. Koo linaendeleaje?"

Bi Koma akafungua mdomo, na wallahi hakuna kilichotoka. Haikuwa uongo safari hii. Aibu ilimbana, na kabla hajajua anachofanya mkono wake ukaenda shingoni, ukagusa koo, kichwa kikatikisika. Alisimama pale akijifanya bubu mara ya pili.

"Bado tu? Maskini, pole. Ni muda sasa."

Akaonyesha karatasi kwa kidole, akaonyesha idadi kwa vidole. Mashine ikaanza kunguruma. Binti, kama watu wanavyofanya mbele ya asiyeweza kuwajibu, akaongea yote.

"Nisomee nimeiweka kando, mama. Bila simu mpya ya kujaribia ni kupapasa tu. Baba inamtosha kwenye ile ya zamani. Wengine ndio wanaosumbua. Kuna mama mmoja asiyeona anakuja kila wiki, ananiuliza, mwanangu lini? Namwambia, bado." Akagonga karatasi mezani kuzilinganisha. "Siwalaumu nyie. Nadhani nilisikia vibaya siku ile. Baba anakataa, anasema nilisikia sawa. Lakini baba ni mzee. Nimeanza kuona kama sote wawili tuliota."

Akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Bi Koma akazipokea, akatoka mbio kama mwizi.

Hilo la kuota lilimmaliza. Kumnyima mtu nafasi ni ubaya. Lakini kumfanya mtu aliyesikia sawa aanze kuyatilia shaka masikio yake, na ya baba yake, huo ni wizi wa aina nyingine. Jioni alimweleza mumewe yote, amekaa juu ya lundo la mbao, machozi yakidondokea kwenye pumba za msumeno. Seremala alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza, hakutania.

"Kwa hiyo ni ule ufunguo wangu," akasema.

"Si ufunguo wako. Ni mdomo wangu. Kisha ni kunyamaza kwangu, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi."

"Mkataba je?"

"Wakininyima, wataninyima kwa haki."

Seremala akapuliza vumbi kwenye ubao. "Mimi nikikata ubao mfupi, siurefushi kwa kulia. Natafuta ubao mwingine, naanza tena, na mteja namwambia nimekosea. Nenda."

Jumapili akaenda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na akayapanga kwelikweli, kama zamani: kwamba ni yeye, aliyekuwa dirishani, siku ile, kwamba hakukaukiwa sauti, alidanganya, kwamba kesho asubuhi, binti akikubali, waende wote kwa Mkurugenzi, naye atayasema maneno yale kwa sauti ileile mbele ya mzee na mbele ya kila mtu, Nisomee ijaribiwe upya kwa simu za toleo lile, na yatakayompata yampate. Kila koma aliiweka mahali pake. Aliyarudia mpaka yakawa laini.

Nyumba ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa mbao uliopauka, viatu viwili nje. Redio ilikuwa ikiongea ndani. Bi Koma akainua mkono kugonga, ndipo akakumbuka jambo moja ambalo kwa mipango yake yote hakulifikiria. Mlangoni kwa watu huingii na hotuba. Unaingia na neno moja, na hilo neno lazima litoke kwa sauti, na ndani kuna masikio yanayojua.

Alisimama. Angeweza kugonga tu na kunyamaza. Angeweza kurudi.

"Hodi," akasema.

Ndani redio ikapunguzwa. Kiti kikalia.

"Karibu, mama," sauti ya Fundi Redio ikasema, bila mshangao wowote. "Koo limepona?"

"Nani huyo, baba?" binti akauliza kutoka chumba cha ndani.

"Mwenyewe atasema," mzee akamjibu.

Bi Koma akavua viatu mlangoni, akaingia, akasema.